Mtihani wa PMP: kinachopimwa ni uamuzi wa hatua ya kwanza

Wapo wahandisi na maofisa miradi wenye uzoefu wa miaka kumi na zaidi wanaofeli mtihani wa PMP (Project Management Professional), cheti cha kimataifa cha usimamizi wa miradi, na wapo wenye miaka mitatu tu wanaofaulu mara ya kwanza. Jambo hili huwashangaza wengi, hasa waajiri. Sababu yake inaonekana ukiyatazama maswali yenyewe: ni machache sana yanayouliza maana ya kitu. Mengi yanakupa hali fulani, kisha yanauliza meneja wa mradi aanze na lipi. Mtu aliyekariri vitabu anakuta majibu mawili, pengine matatu, yote ni sahihi. Mtu aliyezoea mazingira ya ofisi yake anachagua kile ambacho bosi wake angekitaka. Wote wawili wanakosa.

PMP hutolewa na PMI (Project Management Institute), taasisi ya Marekani iliyoanzishwa mwaka 1969, na cheti chenyewe kilianza mwaka 1984. Matangazo ya kazi za ujenzi, mafuta na gesi, benki na mawasiliano hukitaja, kuanzia Dar es Salaam na Nairobi hadi Muscat na Doha. Anayefanya kazi kwenye mashirika yasiyo ya kiserikali aangalie kwanza kama mwajiri wake anatambua zaidi Project DPro ya PM4NGOs, cheti kilichotungwa kwa ajili ya miradi ya maendeleo. Na ambaye hajawahi kuongoza mradi aanze na CAPM, cheti cha ngazi ya kuanzia cha PMI hiyohiyo, ambayo haidai uzoefu wa kazi. Kulipia PMP kabla sifa hazijatimia ni kutupa pesa.

Ombi la kufanya mtihani

Watu wengi huharakia vitabu na kuliacha ombi mwisho. Ni afadhali kulianza mapema, kwa sababu ndilo linalotegemea watu wengine.

Kwa masharti yaliyoendana na mtihani ulioanza Januari 2021, mwenye shahada ya kwanza au elimu inayolingana nayo anahitaji miezi 36 ya kuongoza miradi ndani ya miaka 8 iliyopita. Aliyeishia sekondari au stashahada anahitaji miezi 60. Wote wanatakiwa wawe na saa 35 za mafunzo ya usimamizi wa miradi, na aliye na CAPM amekwishavuka sharti hilo la mafunzo. Saa hizo haziishi muda wake. Kozi uliyosoma miaka sita iliyopita bado inafaa, mradi cheti chake kinaonyesha saa na mada.

Makosa huanzia kwenye kuhesabu miezi. Kila mwezi unahesabiwa mara moja tu. Aliyesimamia mradi wa maji kuanzia Januari hadi Desemba, na ndani ya mwaka huohuo akasimamia mradi wa vyoo vya shule kuanzia Julai hadi Desemba, ana miezi 12, hana 18. Njia salama ni kuchora mstari wa miaka kwenye karatasi, kuweka kila mradi mahali pake, kisha kuhesabu miezi iliyofunikwa. Wengi wanaodhani wana miezi 40 hujikuta na 31.

Kosa la pili ni kueleza kazi ya kila siku kana kwamba ni mradi. Kusimamia matengenezo ya magari ya kampuni mwaka hadi mwaka ni uendeshaji, maana hakuna mwanzo wala mwisho. Kuhamisha karakana hiyo kwenda jengo jipya kwa bajeti maalumu na tarehe ya kukabidhi, huo ni mradi. Maelezo yako yaonyeshe lengo, matokeo, na wewe binafsi ulifanya nini kuanzia kuuanzisha, kuupanga, kuutekeleza na kuufuatilia hadi kuufunga. Sentensi kama “tulitekeleza kwa mafanikio” haimwambii mkaguzi chochote. “Niliandaa ratiba, nikaongoza timu ya watu 9, nikadhibiti mabadiliko ya michoro na kukabidhi jengo kwa halmashauri” inamwambia.

Sehemu ya maombi huchaguliwa kwa ukaguzi, na unaarifiwa baada ya kulipa. Ukichaguliwa una siku 90 za kuwasilisha nakala ya cheti cha elimu, ushahidi wa zile saa 35, na uthibitisho wa kila mradi kutoka kwa msimamizi wako au mtu aliyeujua mradi huo kwa karibu. Hapa ndipo wengi hukwama: bosi alishahama nchi, kampuni ilishafungwa, mshauri hapokei simu. Watafute watu hao kabla hujabonyeza kitufe cha kutuma, wasomee ulichoandika, na uhakikishe tarehe mnazozikumbuka zinalingana.

Jina nalo ni jambo la kuliangalia mapema. Jina lililo kwenye akaunti yako ya PMI lazima lifanane na la kitambulisho utakachoonyesha siku ya mtihani. Kwetu watu huwa na majina matatu kwenye kitambulisho cha taifa, mawili kwenye cheti cha chuo, na jina la ukoo likitangulia kwenye hati nyingine. Pasipoti hai ndiyo inayoleta usumbufu mdogo zaidi, kwa hiyo andika jina kama lilivyo humo.

Ombi likikubaliwa unapewa mwaka mmoja na nafasi zisizozidi tatu za kufanya mtihani, kila marudio kwa ada yake. Ada za mwanachama wa PMI ni ndogo kuliko za asiye mwanachama, na hubadilika kwa nchi na kwa wakati. Jumlisha ada ya uanachama na ada ya mtihani ndipo ulinganishe.

Mtihani wenyewe umejengwaje

Muhtasari wa mtihani, waraka unaopatikana bure kwenye tovuti ya PMI, ndio wa kuusoma kabla ya kitabu chochote. Ule wa 2021 unagawa maswali hivi: asilimia 42 yanahusu watu, yaani timu, migogoro, uongozi na wadau, asilimia 50 mchakato, asilimia 8 mazingira ya biashara. Ule ambao PMI iliupangia kuanza Julai 2026 unapeleka watu kwenye asilimia 33, mchakato 41 na mazingira ya biashara 26. Badiliko hilo ni zito. Aliyejiandaa kwa vitabu vya zamani ataona sura ya manufaa ya mradi, sheria na mkakati wa taasisi kama nyongeza tu, wakati kwenye muhtasari huo mpya ni robo ya mtihani. Linganisha tarehe ya mtihani wako na muhtasari unaotumika siku hiyo, kisha ununue vifaa vya kusomea.

Kwa muundo wa 2021, maswali ni 180 kwa dakika 230. Matano kati yake ni ya majaribio na hayahesabiwi, ila huwezi kuyatambua. Mengi ni ya kuchagua jibu moja. Mengine yanataka majibu mawili au matatu, mengine kuoanisha vitu, kubonyeza sehemu ya mchoro, au kujaza nafasi. Nusu hivi ya mtihani inahusu miradi inayopangwa yote mwanzoni, na nusu nyingine inahusu ajaili (agile), yaani kufanya kazi kwa awamu fupi huku mpango ukirekebishwa njiani, au mchanganyiko wa njia hizo mbili. Hapa aliyekulia kwenye ujenzi huumia kwenye ajaili, na aliyekulia kwenye programu za kompyuta huumia kwenye mikataba na udhibiti wa mabadiliko.

Swali moja, kwa taratibu

Tuchukue hali hii, iliyotungwa kwa mtindo wa mtihani. Mradi wa maji umepangwa wote tangu mwanzo na bajeti yake imeidhinishwa. Mwenyekiti wa mtaa, mdau mwenye ushawishi mkubwa, anamwomba fundi mkuu aongeze vituo viwili vya kuchotea maji. Fundi anamwambia meneja wa mradi kwamba mabomba yapo ya kutosha na anaweza kuanza kesho. Meneja afanye nini kwanza? (A) Aruhusu, kwa kuwa mabomba yapo na mdau ni muhimu. (B) Apeleke ombi la mabadiliko kwenye kamati inayoidhinisha mabadiliko. (C) Achambue pamoja na timu vituo hivyo vitaathiri vipi gharama, ratiba na kiasi cha maji. (D) Amwombe mdhamini wa mradi aamue.

A ndilo jibu ambalo wazoefu wengi wangelitekeleza kazini, kwa sababu za kibinadamu kabisa. Linakosea kwa kuwa linapanua wigo wa mradi bila idhini. Mabomba kuwapo hakusemi lolote kuhusu msukumo wa maji kwenye vituo vya mwisho, wala posho za vibarua. D inamrushia mdhamini jambo ambalo meneja bado hajalielewa. B ni hatua halali, na ndiyo inayowanasa waliosoma. Lakini kamati ikipokea ombi itauliza: litagharimu kiasi gani, litachelewesha nini? Meneja asiyefanya uchambuzi hana la kuijibu. Kwa hiyo C hutangulia, B hufuata, na kazi huanza baada ya idhini.

Sasa badilisha hali. Mradi ni wa programu ya ankara za maji, unaendeshwa kwa sprinti, yaani vipindi vifupi vya kazi, za wiki mbili. Katikati ya sprinti mwenyekiti yuleyule anamwomba mwandika programu aongeze ujumbe wa simu unaomkumbusha mteja deni lake. Hapa kamati ya mabadiliko haina nafasi. Ombi linapelekwa kwa mwenye bidhaa, yule anayeamua kipi kitangulie kutengenezwa, naye analiweka kwenye orodha ya kazi zinazosubiri na kulipanga kwa thamani yake, huku timu ikiendelea na lengo la sprinti iliyopo. Mdau ni yuleyule na hulka ni ileile, lakini jibu limegeuka kwa sababu mradi unaendeshwa kwa njia nyingine. Ndiyo maana jambo la kwanza kulitafuta katika kila swali ni mradi unaendeshwa vipi. Ukiona sprinti, kikao cha kila siku cha timu au mwenye bidhaa, uko upande mmoja. Ukiona mpango ulioidhinishwa na mkataba wa bei maalumu, uko mwingine.

Mwelekeo wa PMI ukishauona mara kadhaa unaanza kuutambua. Meneja huelewa tatizo kabla ya kutenda. Huzungumza na mhusika moja kwa moja kabla ya kupeleka jambo juu. Hatari iliyotabiriwa ikitokea, hufuata mpango uliowekwa kwa ajili yake. Kwenye ajaili huiachia timu iamue namna ya kufanya kazi yake, yeye akiondoa vikwazo. Majibu ya kumfukuza mtu, kumlalamikia bosi wake au kusubiri uone itakuwaje huwa sahihi kwa nadra sana. Tahadhari moja tu: kama swali limesema uchambuzi umekwishafanyika, jibu la “chambua” limepitwa. Soma hali imefikia wapi.

Hesabu ni chache, lakini zina mtego

Wanaoogopa hesabu hupoteza wiki nyingi kwenye fomula. Chache zinatosha, na muhimu kuliko kukokotoa ni kujua jibu linasema nini. Mradi wa miezi 12 una bajeti ya shilingi milioni 240, na matumizi yamepangwa sawasawa kila mwezi. Mwisho wa mwezi wa sita kazi iliyokamilika ni asilimia 40, na zimetumika milioni 128. Thamani iliyopangwa kufikia hapo, PV, ni milioni 120. Thamani ya kazi iliyofanyika, EV, ni asilimia 40 ya 240, yaani milioni 96. Gharama halisi, AC, ni milioni 128.

Mhasibu anayelinganisha 128 na 120 atasema mradi umezidisha milioni 8. Amepotoka, kwa sababu analinganisha pesa iliyotoka na pesa iliyopangwa kutoka, bila kuitazama kazi. Kazi ya milioni 96 imegharimu 128: ziada ni milioni 32. Ukigawa 96 kwa 128 unapata CPI, kipimo cha ufanisi wa gharama, ya 0.75, maana yake kila shilingi inayotoka inaleta kazi ya senti 75. Ukigawa 96 kwa 120 unapata SPI, kipimo cha ratiba, ya 0.8, yaani ratiba nayo iko nyuma. Mambo yakiendelea hivi, mradi utaishia milioni 320, ambayo ni 240 kugawa kwa 0.75. Swali la mtihani mara nyingi litakupa CPI na SPI tayari na kuuliza ufanye nini. Chini ya 1 ni vibaya kwa vyote viwili.

Ongeza hapo njia ndefu kuliko zote kwenye mchoro wa ratiba, ambayo ndiyo inayoamua tarehe ya mwisho, pamoja na idadi ya njia za mawasiliano kwenye timu: watu n zidisha kwa n kutoa 1, gawa kwa 2. Timu ya watu 6 ina njia 15, ikifika 10 zinakuwa 45.

Kusoma bila kupotea

Vitabu vya PMI vyenyewe huwachanganya watu. Toleo la sita la PMBOK, kitabu chake kikuu cha mwongozo, la 2017, lina michakato 49. Toleo la saba, la 2021, liliiacha ile michakato na kuweka kanuni 12 na maeneo 8 ya utendaji. Mtihani haufuati toleo moja la kitabu. Unafuata muhtasari wake. Kukariri michakato 49 na kila kinachoingia na kutoka humo ni kazi kubwa isiyolipa tena. Unachohitaji ni kujua mtiririko: hati gani huja kabla ya ipi, na nani anaidhinisha nini.

Kwa mtu anayefanya kazi, wiki 10 hadi 12 za saa 8 hadi 10 kwa wiki ni mpango unaowezekana. Wiki nne za kwanza ni za dhana. Kuanzia wiki ya tano maswali yawe kila siku, 20 au 30, na mapitio yake yachukue muda mrefu kuliko kuyajibu. Weka daftari la makosa, na kila kosa liandike kwa sababu yake: sikuijua dhana, nilisoma vibaya, niliruka hatua, au nilijibu kwa mazoea ya ofisini. Baada ya maswali 200 daftari litakuonyesha ugonjwa wako. Anayekosa kwa kuruka hatua hatapona kwa kusoma kitabu kingine. Anayekosa kwa kusoma vibaya anahitaji mazoezi ya kasi.

Katika maswali ya mazoezi, yale rasmi ya PMI yaitwayo Study Hall yana ladha iliyo karibu zaidi na mtihani, ingawa yaliyowekwa kwenye ngazi ya juu kabisa ya ugumu huweza kumkatisha mtu tamaa bila sababu. Maswali ya kudokolewa mitandaoni yanayodaiwa kutoka kwenye mtihani wenyewe yaepuke: kuyatumia kunavunja maadili uliyoyakubali ulipotuma ombi, na mengi yana majibu mabovu.

Lugha inastahili kufikiriwa. Mtihani haupo kwa Kiswahili. Upo kwa Kiingereza, Kifaransa, Kiarabu na lugha nyingine kadhaa, kwa hiyo aliyesoma Bujumbura au Lubumbashi anaweza kuchagua Kifaransa, na aliyesoma Oman akachagua Kiarabu. Chagua lugha unayoisoma kwa kasi, na mazoezi yako yote yawe kwa lugha hiyo. Kujadili na wenzako kwa Kiswahili kunasaidia sana kuelewa, lakini angalau mitihani miwili kamili ya mazoezi ifanye kwa muda na lugha ya mtihani.

Siku yenyewe

Kwa muundo wa 2021, dakika 230 kwa maswali 180 ni kama sekunde 77 kwa swali. Maswali yamegawanywa katika vipande vitatu vya 60, na baada ya kipande cha kwanza na cha pili kuna mapumziko ya dakika 10 yasiyokatwa kwenye muda wako. Ukishakubali kuondoka kwenye kipande, huwezi kurudi tena kwenye maswali yake. Kwa hiyo weka alama mbili: unapomaliza swali la 60 saa ionyeshe zimebaki dakika 153 hivi, na la 120 zibaki 77. Ukiwa nyuma kwa dakika kumi kwenye alama ya kwanza, punguza kurudia maswali uliyoyatilia shaka. Kwenye swali refu, anza na sentensi ya mwisho inayouliza, kisha urudi juu ukijua unatafuta nini. Usiache swali tupu, maana jibu baya halikatwi alama.

Unaweza kufanyia kwenye kituo cha Pearson VUE, kampuni inayoendesha mitihani, au nyumbani kupitia kamera. Kituo ni bora kwa yeyote ambaye umeme au intaneti yake si ya kuaminika. Ukichagua nyumbani, tumia kompyuta yako binafsi, kwa sababu za ofisi huwa na kinga zinazozuia programu ya mtihani. Fanya jaribio la mfumo mahali na saa ileile utakayotumia. Meza iwe tupu, mlango ufungwe, na watu wa nyumbani waelezwe: mtoto akiingia, mtihani unaweza kusitishwa. Kusoma swali kwa sauti, hata kwa kunong’ona, hakuruhusiwi, na wengi wetu tuna tabia hiyo. Karatasi haziruhusiwi nyumbani. Kuna ubao wa kuandikia kwenye skrini, ujizoeze nao.

PMI haitangazi alama ya kufaulu. Ripoti huonyesha umeangukia ngazi ipi kati ya nne kwa kila eneo, kutoka juu ya kiwango hadi panapohitaji kuboreshwa. Aliyefeli aitumie pamoja na daftari lake la makosa. Kama eneo la watu liko chini na makosa ya daftari ni ya mazoea ya ofisini, wiki tatu au nne za maswali ya hali zitamfaa kuliko kozi mpya.

Aliyefaulu ana miaka 3 ya kukusanya pointi 60 za kujiendeleza, angalau 35 kutokana na kujifunza, na humo zisipungue 8 kwa kila moja ya maeneo matatu ya ujuzi ambayo PMI imeyaweka. Semina, mihadhara ya mtandaoni na kozi fupi huhesabiwa kwa saa, saa moja pointi moja. Ziingize kwenye mfumo kila zinapopatikana, kwa sababu vyeti vya mahudhurio hupotea. Zisipotimia, cheti husimamishwa kwa mwaka mmoja, na mwaka huo ukipita bila kuzikamilisha, mtu huanza upya kwa ombi, ada na mtihani.